Nilikuwa mnunuzi wa mchanga. Leo najiita mwanamazingira, na ninawatetea waliofunga njia ya malori

Ndugu zangu, mbukwenyi.

Naandika nikiwa Dodoma, ambako nimefanya kazi ya ujenzi kwa miaka kumi na sita, kwanza nikiwa saidia fundi, kisha fundi, na sasa nachukua nyumba ya mtu kuanzia msingi hadi kupaua. Nimeufungua uzi huu kwa sababu kila inapoletwa habari ya watu waliofunga barabara kwa ajili ya mazingira, wengi wetu tunakimbilia neno moja, nalo ni usumbufu. Nami niliwahi kulitamka neno hilo kwa hasira, mbele ya wanawake waliokuwa wameketi chini, kabla sijaelewa usumbufu wenyewe ulikuwa wa nani. Naomba mnivumilie, kwani jambo hili haliwezi kuelezwa kwa sentensi mbili.

Anayeufahamu mji huu anajua ulivyokua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi ulionekana kwenye makaratasi zaidi kuliko kwenye viwanja. Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, kila kitu kilibadilika. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,956 katika wilaya hii ya mjini, na ile ya mwaka 2022 ikakuta 765,179. Watu hao wanahitaji nyumba, na nyumba inaanza na mchanga: wa kufyatulia tofali, wa zege, wa kujengea, wa lipu. Mchanga wetu unatoka kwenye makorongo na mito ya msimu, ile ambayo hupitisha maji kwa vipindi vifupi kati ya Desemba na Aprili, kisha kwa miezi inayobaki inalala mikavu kama barabara pana nyeupe isiyo na mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyoiona mimi pia. Nilikuwa napiga simu, nataja idadi ya tripu, na jioni mchanga unamwagwa mlangoni. Sikuwahi kuuliza umechotwa wapi.

Siku iliyonibadilisha ilikuwa mwezi wa Agosti, miaka kadhaa iliyopita. Dereva alinipigia simu saa tatu asubuhi kwamba hawezi kutoka mtoni. Mafundi wangu walikuwa wamekwisha kufunga jukwaa wakisubiri kupiga lipu, na mwenye nyumba alikuwa na tarehe yake ya kuhamia, kwa hiyo nilipanda pikapu nikaenda mwenyewe. Kijiji sitakitaja. Nilikuta malori saba yamepangana, na mbele yao wanawake wapatao thelathini wameketi katikati ya njia, wamejifunika khanga dhidi ya upepo wa Agosti ambao kwetu hukata kama wembe. Walikuwa wamepanga ndoo tupu mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuma ya ndoo wameburuta matawi ya mgunga yenye miiba mirefu. Niliwaambia, kwa sauti ambayo leo siipendi, kwamba wanatusumbua watu tunaotafuta riziki, na kwamba mwenye shida hupeleka shida yake ofisini.

Mama mmoja wa makamo alinyanyuka. Hakunijibu kwa ukali. Aliniambia, «Ofisini tumekwenda, mwanangu, kabla hujaja wewe. Njoo nikuonyeshe.»

Alinipeleka hatua kama mia mbili hivi kufuata mto, hadi kwenye shimo ambalo familia yake huchota maji. Alinieleza kwamba alipoolewa pale, alikuwa anachimba mchanga kwa kata na mikono, na mkono ukizama hadi kwenye kiwiko maji yanachimbuka, safi na ya baridi. Shimo nililoliona lilikuwa na vidaraja vitatu vilivyochongwa kwenye udongo ili mtu aweze kushuka. Chini kabisa alisimama mjukuu wake, msichana wa darasa la tano au la sita, anakwangua maji kwa kopo na kuyamimina kwenye ndoo ya lita 20, kisha anangoja yajikusanye tena. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilitazama saa bila kukusudia, na ndoo ile moja ilijaa baada ya dakika kumi na nane. Saa ya kuingia darasani ilikuwa imekwisha kupita. Pande zote za shimo mchanga ulikuwa umekombwa hadi udongo wa mfinyanzi wa kijivu ukatokeza, na juu ya udongo huo palikuwa na alama za tairi ambazo mimi, kwa kazi yangu, nilizitambua ni za lori la namna gani.

Mtu wa ujenzi anaufahamu mchanga, na ndiyo maana niliona haya. Nilijua tangu siku zangu za kwanza kazini kwamba kati ya chembe na chembe kuna nafasi, na kwamba mchanga mkavu hunywa maji mengi kabla haujaonekana umelowa. Mto wa mchanga ni ghala la namna hiyo. Mafuriko ya wiki chache yanazama ndani yake, na kwa kuwa yamefunikwa, jua haliyafikii kwa urahisi. Katika nchi kama Ugogo, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600 na jua lina uwezo wa kukausha maji mengi kuliko hayo mara kadhaa, ghala lililofunikwa ndilo linalomfikisha mtu kwenye mvua nyingine. Ukiuondoa mchanga, maji ya mvua ijayo yanapita mbio juu ya udongo mgumu kwenda zake, kingo zinabomoka, na kile kidogo kinachobaki kwenye madimbwi kinakauka.

Tena jambo hili si la wanakijiji peke yao. Jiji la Dodoma limetegemea kwa miongo mingi visima vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe, na vipimo vilivyochukuliwa huko kwa zaidi ya miaka 50 vimewaonyesha wataalamu kwamba maji ya chini hayaongezeki kila mwaka kwa kiasi sawa. Huongezeka hasa katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, na sehemu kubwa ya maji hayo hupenya kupitia vitanda vya mchanga vya mito ya msimu. Mimi ninayefungua bomba mjini nakunywa kwenye ghala la aina ileile ambalo yule mama alinionyesha likiwa tupu.

Sasa nifike kwenye neno usumbufu, kwa sababu hapo ndipo nilipo na jambo la kusema.

Usumbufu haukuanza asubuhi ile njia ilipofungwa. Ulianza miaka mingi nyuma, siku lori la kwanza liliposhuka mtoni, ukaongezeka tripu kwa tripu, na wote ulikuwa umebebwa na wanawake na wasichana ambao hawakuwa na mtu wa kumpigia simu saa tatu asubuhi. Mtoto aliyekosa shule kwa sababu ya ndoo alikuwa amesumbuliwa. Mama aliyeamka saa tisa usiku kuwahi maji kabla wenzake hawajayamaliza alikuwa amesumbuliwa. Kwa kuwa taabu yao haikusimamisha kazi ya mtu yeyote mjini, sisi tuliita hali ile utulivu. Walichofanya kwa ndoo zao na matawi ya mgunga ni kuihamisha taabu kutoka mahali isipoonekana hadi mahali inapoonekana, mbele ya watu wenye uwezo wa kuikomesha, nami nikiwa mmoja wao. Nilikasirika kwa sababu kwa mara ya kwanza sehemu ndogo ya gharama halisi ya ukuta wangu iliniangukia mimi.

Kuna mchangiaji ambaye kwenye mjadala uliopita aliandika kwamba njia halali zipo na zitumike. Namheshimu, nami nakubali kwamba zipo. Ibara ya 27 ya Katiba yetu inamwekea kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi, na ibara ya 20 inatambua uhuru wa kukutana na kutoa mawazo hadharani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 6 kinamtaka kila mtu kuyalinda na kutoa taarifa kwa mamlaka anapoona yanaharibiwa. Wale akina mama walikuwa wametoa taarifa. Nilioneshwa nakala za barua tatu, zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, kila moja na muhuri wa kupokelewa, na kati ya muhuri wa kwanza na wa tatu ilikuwa imepita miezi kumi na nne. Ni kweli pia kwamba sheria ya polisi inataka taarifa ya saa 48 kabla ya mkusanyiko, na wao hawakuitoa. Sitaki kuficha hilo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyebisha hodi mara tatu kwa adabu, akaachwa barazani, hastahili kuhukumiwa kana kwamba siku ya kwanza alikuja na shoka.

Njia ilifungwa kwa siku nne. Siku ya nne ulifanyika mkutano wa hadhara wa kijiji, na ikaamuliwa kwamba sehemu ya mto iliyo juu ya visima isichimbwe tena. Mipaka iliwekwa kwa mawe yaliyopakwa chokaa, na malori yakaelekezwa upande wa chini. Barua tatu hazikuleta hata mtu mmoja wa kuja kulitazama shimo. Siku nne za usumbufu zilimleta kila mtu.

Kuhusu jina la mwanamazingira, nililikwepa kwa muda mrefu. Kichwani mwangu mwanamazingira alikuwa mtu wa semina na fulana zenye maandishi, anayepanda mche tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, akapigwa picha na kuondoka. Mimi ni mtu wa saruji na nondo, na niliona kulitwaa jina hilo ni kujisingizia. Kilichonifikisha ni usiku mmoja wa Novemba mwaka uliofuata, yule mama aliponipigia simu kwamba malori mawili yameshuka kwenye sehemu iliyokatazwa, taa zimezimwa, na kwamba wanaume wa kijiji wako mnadani. Sikufikiri sana. Nilikwenda, nikaegesha pikapu yangu kuikata njia ya kutokea, nikashuka, nikaketi na akina mama hadi mtendaji wa kijiji alipofika alfajiri. Dereva mmoja alinitambua, akaniuliza kwa mshangao wa kweli, «Kaka, wewe ni mwenzetu wa ujenzi, huku umeingiaje?» Nilimjibu kwamba mimi ni fundi, na ni mwanamazingira. Nililisikia likitoka kinywani mwangu, na tangu usiku ule sijalirudisha. Nadhani wengi wetu tuko hivyo: mfugaji anayekataa bonde la malisho lisiuzwe, mkulima wa uwele anayeacha visiki vichipue shambani mwake badala ya kuving'oa, wote wanafanya kazi hiyo bila jina lake.

Wapo watakaosema kwamba usumbufu kwa ajili ya mazingira ni mambo ya Wazungu. Waulizeni wazee wa Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu vilima vya Irangi vilikuwa vimeliwa na mmomonyoko hadi makorongo yakameza mashamba, na mwaka 1979 serikali iliamua mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika la kilomita za mraba 1,256. Takriban ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda 90,000 walihamishwa. Hebu fikirini maana yake kwa mfugaji ambaye utajiri wake, mahari ya mwanawe na maziwa ya watoto wake vyote vilikuwa na miguu minne. Uoto ulirudi, nami nimeviona vilima hivyo vikiwa vya kijani, lakini gharama ililipwa na wenye zizi. Halikadhalika tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima, na wafanyabiashara wadogo wakapoteza mitaji iliyokuwa imelala kwenye mabunda. Tuliyapokea hayo kama hatua madhubuti. Inakuwaje basi usumbufu unaoshuka kutoka juu uitwe sera, na unaopanda kutoka mtoni uitwe fujo, ilhali unaotoka juu ndio mkubwa zaidi na wasumbuliwa wake huulizwa mara chache zaidi?

Historia yetu yenyewe inawaheshimu waliosimamisha shughuli. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasambaa kuelekea bara kwa kufuata reli ya kati. Leo hakuna anayewakumbuka kama watu waliochelewesha mizigo. Jirani zetu Kenya wana mfano ulio karibu zaidi na suala hili. Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, alisimama mwaka 1989 kupinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, akadhihakiwa hata bungeni, na jengo halikujengwa. Januari 1999 alikwenda kupanda miche katika msitu wa Karura uliokuwa ukigawiwa watu binafsi, akapigwa hadi kujeruhiwa kichwani. Tuzo ya Nobeli ya Amani ilikuja mwaka 2004, na hapo kila mtu akawa rafiki yake. Kule Nigeria, Waogoni waliandamana kwa maelfu mengi mnamo Januari 1993 dhidi ya uchafuzi wa mafuta, na mwaka huo kampuni ya Shell ikasimamisha uzalishaji katika ardhi yao. Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane walinyongwa tarehe 10 Novemba 1995. Watu hao walisumbua, na wakalipa.

Hata hivyo sitetei kila kitu. Oktoba 2022 vijana wawili wa Just Stop Oil, kundi la Uingereza lililopinga vibali vipya vya mafuta, walimwagia supu mchoro wa alizeti wa Van Gogh jijini London. Mchoro ulikuwa nyuma ya kioo na haukuharibika, lakini kwangu tendo lile lilikosa kiungo. Aliyekwenda kutazama maua hakuwa ameshika kalamu ya kutia saini vibali vya mafuta. Pale mtoni aliyesimamishwa ni mchanga wenyewe na mnunuzi wake, na hapo ndipo ninapoupima usumbufu, yaani kama umemfikia mhusika wa madhara au umemwangukia mpita njia. Pamoja na hayo, wenzao walipohukumiwa Julai 2024 kifungo cha kati ya miaka minne na mitano kwa kupanga kusimamisha magari kwenye barabara ya mzunguko ya M25, niliona adhabu ile imepita kiasi, kwa watu ambao hawakumpiga mtu wala kuficha nyuso zao.

Swali la gari la wagonjwa huulizwa kila mara, na ni swali la haki. Siku ya pili ya kufungwa kwa njia ilikuja bodaboda imembeba mwanamke na mtoto mwenye homa kali. Akina mama waliinuka kabla dereva hajasema neno, wakayavuta matawi ya mgunga kwa mikono mitupu, na mmoja alichomwa na mwiba hadi damu ikatiririka, kisha wakarudi kuketi. Anayefunga njia ni lazima awe tayari kuifungua kwa ajili ya uhai wa mtu, na asiyeweza kulihakikisha hilo asifunge.

Swali lililo gumu zaidi kwangu ni la wapakiaji. Kila lori lina vijana wanne au watano wenye machepe, wanaolipwa kwa tripu na kugawana papo hapo, na lori likisimama hawana kitu. Mmoja wao alikuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho, na siku ile ya pili aliniambia kwamba tangu jana hajala. Mchana akina mama walisonga ugali wa uwele kwa mlenda, wakawaita, wakala pamoja kwenye kivuli cha lori walilokuwa wamelizuia. Chakula kile hakikuwa mshahara, nalijua hilo. Sisi tunaonunua ndio tunaopaswa kuulipia mchanga bei ya juu zaidi, kwa sababu bei ya zamani iliwezekana tu kwa kuwa wanawake wa mtoni walikuwa wakiilipa sehemu iliyobaki kwa usingizi wao. Siku hizi ninapomwandikia mteja makadirio, naandika mchanga unatoka wapi, na kwenye tofali nachanganya vumbi la kokoto, ambalo nchi yetu hii ya majabali haina upungufu wake. Wateja wawili wamenikimbia kwa ajili ya bei. Wengine wamebaki.

Kwa atakayeuliza kama ule mto umepona, nilipita Agosti iliyopita. Sehemu ya juu, kwenye mawe ya chokaa, mchanga wa mafuriko ya misimu kadhaa umejaza upya, na shimo la yule mama lina kidaraja kimoja sasa. Mkono mtupu bado haufikii maji. Sehemu ya chini kingo zimeendelea kumeguka, na mkwaju mkubwa uliokuwa na kivuli cha wapakiaji umeanguka, mizizi yake ikiwa imening'inia hewani. Mazungumzo na kijiji cha upande huo ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, nami nimeombwa nipeleke pikapu kuwabeba wazee.